Goli Lililopewa Mgongo

Kuna miji inayojua kupika na kuna miji inayojua kuimba. Lochdrum inajua kuchukia. Inachukia kwa nidhamu, mvua inyeshe au theluji ianguke, na haisahau kitu. Mgodi wake wa makaa ulifungwa zamani, shimo likajazwa kifusi, juu yake pakajengwa duka kubwa la mazulia. Lakini muulize mtu yeyote pale ni akina nani waliorudi kazini wakati wa mgomo mkubwa. Atakutajia majina yote bila kupepesa macho, pamoja na nyumba walizokaa na rangi za milango yake.

Jina mojawapo lilikuwa la Eck Moncur. Huyu Eck alishikilia mgomo pamoja na wenzake karibu mwaka mzima. Alikula viazi vitupu, akapasua kabati la sebuleni wanawe waote moto, kisha, majuma machache tu kabla mgomo haujaisha, akapanda basi la wasaliti, lile lenye nyavu za chuma madirishani, akapitishwa getini huku mawe yakigonga bati. Alikwenda kwa sababu mwanawe mdogo, Lachie, alikuwa amelala na kifua kinachokoroma, na katika nyumba ile ya mchimba makaa hapakuwa na kipande cha makaa. Mwanawe mkubwa, Dod, alikuwa mchimbaji pia, naye asubuhi hiyo alikuwa getini na wagomaji. Alimwona baba yake kupitia zile nyavu. Jioni alirudi kuchukua nguo zake, akasimama kwenye mlango wa chumba cha mdogo wake.

“Amewauza wenzake kwa ajili ya kifua chako,” alisema. “Haya, pona, dogo. Pona vizuri.”

Akaondoka, akaapa hatakanyaga tena ndani ya nyumba ile. Eck aliishi miaka michache ya kununiwa na mji mzima, akafa, na Dod hakufika mazishini. Wengine husema alisimama nje ya uzio wa makaburi akivuta sigara mpaka pakiti ikaisha, lakini watu husema mengi.

Lachie alipona, tena alipona kupita kiasi. Kifua kile kile kilichompandisha baba yake basi kilikuja kupata pumzi ambayo mabeki wa mkoa mzima wa Fife waliilaani kila Jumamosi. Akawa winga wa kulia wa timu ya mji, winga teleza wa kizamani, yule anayeng'ang'ania mstari wa chaki wa pembeni kana kwamba uwanja uliobaki ni mali ya watu. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, soksi zimeshuka hadi vifundoni. Akishika mpira, beki alichagua kuaibika au kupiga mguu, na wengi walichagua mguu.

Shida ya winga ni kwamba yeye ndiye mchezaji aliye karibu zaidi na watu. Kiungo yuko mbali huko katikati. Winga anakimbia pale pale ukingoni, anamsikia mtu akitafuna pai yake. Na upande aliouchezea Lachie kipindi cha kwanza palikuwa na Banda. Ni paa la mabati yenye kutu, chini yake ngazi za saruji za kusimamia, na waliosimama hapo walikuwa wachimbaji wa zamani na wana wao. Dod Moncur alikuwa katikati yao, mikono mfukoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Siku ya kwanza kabisa Lachie alipopewa mpira mbele ya Banda, uwanja mzima ulisubiri matusi. Mwenyewe alikuwa amejiandaa, tangu usiku alikuwa akijitukania kichwani ili ayazoee. Hayakuja. Dod alisema neno moja tu, “Mgongo,” akageuka akautazama ukuta wa bati. Wenzake wakageuka naye, wazee kwa vijana, Banda zima, na wakabaki hivyo mpaka mpira ulipomtoka Lachie mguuni. Hapo wakarudisha nyuso uwanjani wakaishangilia timu yao kama kawaida. Ikawa hivyo mechi hiyo, ikawa hivyo msimu huo, na misimu yote iliyofuata.

Afadhali matusi. Mtu anayekutukana amekubali kwamba upo. Lachie alikuwa akimtoka beki kwa chenga ambayo mahali pengine ingewatoa watu machozi, akiinua macho anakuta safu za makoti na visogo. Baada ya muda alikijua kisogo cha kaka yake kuliko alivyoujua uso wake. Alijua lini kimenyolewa, lini kimeungua na jua la Julai, na mwaka gani mvi zilianza kutambaa kutoka nyuma ya masikio.

Utadhani kipindi cha pili alipata nafuu. Timu zikibadilishana magoli, winga wa kulia huhamia upande wa pili, na upande wa pili wa Lochdrum ni jukwaa la viti, wanakokaa wenye nafasi zao: Purdie mfamasia na mkewe, mke wa muuza nyama, walimu, wazee wa kanisa. Lakini mashabiki wa pale wana desturi ya zamani ya kuhama wakati wa mapumziko, waifuate timu yao inakoshambulia. Watu wa Banda waliichukua desturi hiyo nzuri wakaitia ubaya. Mapumziko yakifika walishuka wote, wakazunguka nyuma ya goli kwa msururu, pai mkono huu, kikombe cha supu nyeusi ya ng'ombe mkono ule, wakaenda kujipanga kwenye ukingo chini ya jukwaa la viti. Walihama ili wapate kumpa mgongo kwa karibu.

Hapo palikuwa na kichekesho ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka. Kule Bandani walikuwa wakigeukia bati. Huku chini ya jukwaa, wakigeuka, walitazamana uso kwa uso na waliokaa. Kila dakika chache Purdie na mkewe walijikuta wanakodolewa macho na ukuta wa wachimbaji wenye makombo ya pai kwenye masharubu. Wakalalamika kwa klabu. Klabu ikawajibu kwamba mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kutazama anakotaka. Purdie akasema hatawasahau, na Purdie naye ni mzaliwa wa Lochdrum.

Kocha, Tulloch, mtu wa visiwani asiyeelewa watu wa makaa, aliwahi kufanya ujanja wa kumpanga Lachie winga ya kushoto. Aliitangaza timu saa nane na nusu. Timu zilipoingia uwanjani, Banda lilikuwa tupu, na wenyewe wamekwisha kuhamia upande wa pili, wamesimama tayari. Tulloch aliwatazama akatikisa kichwa, akasema amefundisha mpira pwani yote ya mashariki na hajawahi kuona watu wenye roho mbaya wanaojituma kiasi hicho.

Kisha Glasgow ikamchukua. Klabu kubwa, jezi safi, uwanja wa kumeza miji kumi mfano wa Lochdrum, na watu wote wale wakimtazama. Huko Lachie akawa mchezaji wa kawaida. Alipiga krosi nzuri, akapigiwa makofi, akarudi kukaba. Hakuna beki aliyemlaani. Msimu wa pili haujafika nusu akaomba arudishwe Lochdrum, kwa mshahara wa kuchekesha, na walipomuuliza sababu akasema chakula cha Glasgow kinamsumbua tumbo. Sababu yenyewe aliijua yeye na mama yake. Alimtaka Dod ageuke. Mara moja tu, mpira ukiwa mguuni mwake, aione sura ya kaka yake, hata ikiwa imekunjamana. Kwa hilo alikuwa tayari kuzeekea kwenye matope.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia hata mama. Ili kumpa mtu mgongo mpira unapomfikia, sharti kwanza uutazame mpira. Dod aliutazama kuliko wote. Aliujua mchezo ule mpaka akawa anageuka kabla pasi haijapigwa. Kiungo bado ameinamisha kichwa, beki bado anatafuta wa kumpa, Dod tayari ameona kwamba hauna pengine pa kwenda ila kwa winga wa kulia, na anageuka. Lachie aliligundua hilo msimu wa tatu. Tangu siku hiyo hakuwa anamtazama kiungo, alikuwa anaibia jicho ukingoni. Akiona kisogo cha kaka yake, anachomoka. Mabeki walishangaa jinsi mtu yule anavyoanza kukimbia kabla ya kila mtu, na magazeti yakaandika kwamba ana kipaji cha kuzaliwa nacho.

Miaka ikaenda. Goti la kulia lilipigwa hata likachoka kupigwa. Majira ya kuchipua ya mwaka huo, daktari alilitazama kwenye picha akamwambia amalizie msimu kama hana budi, baada ya hapo asikimbilie hata basi. Ikabaki mechi moja, Jumamosi ya mwisho, dhidi ya Port Kellie, jirani wa ng'ambo ya ghuba ambaye Lochdrum inamchukia kwa sababu nyingine kabisa. Ushindi ungeipandisha timu daraja.

Asubuhi ya mechi Netta, mama yao, alimkaangia mayai na soseji, akamtazama anavyoyasogeza sogeza sahanini. Netta ni mwanamke mfupi, mkavu, aliyekaa ndani ya mji usiomsalimia na hakuwahi hata siku moja kuvuka barabara kumkwepa mtu. Wao ndio walimkwepa yeye.

“Leo tena utakwenda kumwombaomba macho,” alisema.

“Sijamwomba kitu.”

“Tangu una miaka kumi na tisa unaomba. Hayo macho yake kwani ulimkopesha? Cheza mpira wako, mwanangu, urudi nyumbani. Yule ana kichwa cha baba yake. Akishafunga mlango, umefungwa.”

Lachie akasema ni leo tu. Mama akamwambia ale mayai, yanapoa.

Mvua ilianza kabla ya mpira kuanza, ile nyembamba ya Fife isiyo na kelele lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Kipindi cha kwanza Lachie hakugusa mpira wa maana. Mbele yake alisimamishwa Imrie, beki wa kushoto wa Port Kellie, jitu lenye mapaja ya kubebea nyumba, nalo lilimpiga goti lile lile mapema kabisa, likainama likamuuliza kwa upole kama linauma. Port Kellie wakatangulia kwa kona. Lochdrum wakasawazisha kwa goli la kusukumizana ambalo mpaka leo haijulikani mfungaji ni nani. Kila Lachie alipoguswa na mpira, Banda liligeukia bati.

Mapumziko watu wa Banda walizunguka kama kawaida yao, mvua ikidondokea kwenye pai. Mmoja alisikika akisema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba leo ndiyo mara ya mwisho kuusumbua uti wa mgongo kwa ajili ya mtoto wa msaliti. Wengine wakacheka. Dod hakucheka, alijipanga mahali pake chini ya viti, akafuta maji usoni.

Kipindi cha pili kilikuwa matope matupu. Zikiwa zimesalia dakika chache, matokeo bado sare ya moja kwa moja, Port Kellie walipata kona na watu wa Lochdrum wote wakarudi kulinda goli. Wote isipokuwa Lachie, ambaye goti lilikuwa limekataa kurudi. Alikuwa amesimama karibu na mstari wa katikati, mkono kiunoni, Imrie akimpumulia shingoni. Kona ikapigwa, ikaokolewa kwa kichwa, mpira ukaangukia kwa Gourlay, beki wa kati, mtu asiyejua kutoa pasi ila kubutua. Gourlay alikuwa bado anautafuta mpira kwenye matope.

Lachie akaibia jicho ukingoni. Dod alikuwa amegeuka.

Hakuuliza. Alikimbia. Mpira wa Gourlay ulikuja nyuma yake, mrefu, ukatua mbele yake kama vile alikuwa ameuagiza, na safu nzima ya ukingoni ikawa migongo. Imrie alimfikia. Lachie akausimamisha, Imrie akapita na mapaja yake yote, kisha alipogeuka miguu imepanuka, mpira ukapita katikati yake. Tobo safi. Imrie alimkwatua kwa nyuma. Lachie akaanguka kwa kiganja kimoja, akainuka kabla refa hajatia filimbi mdomoni, na mpira bado ulikuwa wake. Akateleza kwenye chaki yenyewe, makoti ya wachimbaji yakimgusa bega, akasikia pumzi zao, akanusa sigara zao. Akamkata beki wa kati kwa ndani. Hapo akabaki yeye na kipa.

Alichofanya kwa kipa tutakisikia mahali pake. Lochdrum nzima, kwa hesabu ya haraka, walioona ni wale wa jukwaa la viti tu, maana ng'ambo kwenye Banda hapakuwa na mtu, na nyuma ya magoli watu walikuwa wamejifunika kujikinga na mvua. Kamera zote za nchi siku hiyo zilikuwa Glasgow. Watu wa Banda walikuwa wamesimama pale pale, wa karibu kuliko wote, wakitazama viti. Goli walilitazama kwenye nyuso za watu. Walimwona mke wa muuza nyama akiinuka mdomo wazi na chai ikimmwagikia. Walimwona mzee wa kanisa akitoa neno ambalo wazee wa kanisa hawatoi. Na Dod Moncur, macho yake yakimwelekea Purdie mfamasia, mtu mkavu asiyejulikana kuwahi kufurahia kitu, alimwona Purdie akivua miwani na kulia.

Hapakuwa na mmoja aliyegeuka. Sheria yao ilikuwa mpaka mpira umtoke mguuni, nao ulipomtoka mguuni ulikuwa wavuni. Walipogeuka walimkuta Lachie amesimama ndani ya eneo la hatari, mikono imening'inia, akiwatazama wao. Wachezaji wenzake walikuwa wanamrukia, wanamvuta masikio, na yeye anawatazama wao. Hakuona sura moja iliyokuwa imegeuka kwa wakati. Alimwona Dod anageuka wa mwisho.

Timu ikapanda daraja, mji ukalewa. Lachie alirudi nyumbani mapema, akakaa kwenye kiti na kuweka mfuko wa njegere za barafu gotini. Alikuwa amefunga goli la maisha yake, akajihisi ameporwa. Mama alimtazama usoni akaacha kuuliza, kwa sababu alijua ni kitu gani kimekosekana.

Sasa ndipo Lochdrum ilipopata taabu. Kwenye baa ya wachimbaji watu walianza kulisimulia goli. Wa kwanza alisema ni kwa guu la kushoto, pembe ya juu. Wa pili akasema alimpiga kipa kanzu, mpira ukampita juu ya kichwa. Wa tatu akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba alimzunguka kipa mara mbili. Wakatia chumvi mpaka siku ya Jumatatu kulikuwa na magoli sita tofauti, na wawili wakapigana ngumi wakitetea kitu ambacho hakuna kati yao aliyekiona. Dod alikaa kwenye kona yake na bia yake. Walipomuuliza yeye aliona nini, alisema, “Sikuona. Na ninyi hamkuona.” Akaacha bia nusu akatoka.

Aliwaendea waliokaa kwenye viti. Hao walikuwa wameisubiri siku hiyo miaka mingi. Mke wa muuza nyama alimfungia soseji zake, akamwambia lilikuwa goli zuri sana, karibu tena. Mwalimu mmoja alicheka tu. Alipoingia kwa Purdie kununua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho, akauliza kwa kuzungukazunguka, Purdie alimjibu huku anahesabu chenji.

“Mbona ulikuwepo, Bwana Moncur? Ulisimama mbele yangu. Ulikuwa karibu kuliko mimi.”

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Netta alikuwa anamenya viazi na Lachie amenyoosha mguu kwenye kigoda pale pale jikoni, mlango wa nje, unaoonekana kutoka jikoni, ulipogongwa. Mlango ule una kioo cha ukungu, kisichoonyesha sura ila umbo. Lachie alikwenda akichechemea, akafungua. Dod alikuwa amesimama kwenye ngazi, mvua inamchuruzika kwenye kofia. Alikuwa amezeeka usoni kwa namna ambayo kisogo hakikumwambia Lachie. Ndugu hao hawakusalimiana.

“Ulilifungaje?” Dod aliuliza.

Lachie alikuwa amelingoja swali kama hilo nusu ya maisha yake. Alidhani likija atalia, au atacheka. Badala yake ilimpanda hasira, mbichi, ya tangu siku ile ya kifua.

“Ulikuwepo,” akasema.

“Sikuja kuzozana. Nimekuuliza.”

“Ingia basi nikueleze. Nje kuna mvua.”

“Unajua siingii humo.”

“Baba hayumo tena, Dod. Amekufa. Unamwogopa nani, mama?”

“Nielezee hapa hapa au niache.”

“Mimi si mhubiri wa barabarani. Ingia.”

Walisimama hivyo, mmoja ndani mmoja nje, wote wawili wameuma meno yale yale ya Eck Moncur. Kutoka jikoni Netta akapaza sauti wafunge mlango, baridi inaingia. Lachie akangoja kidogo. Dod hakusogea. Lachie akaufunga.

Alirudi kukaa. Alipoinua macho aliona umbo kwenye kioo bado liko. Halikuondoka. Liligeuka tu, na kwenye ule ukungu pakabaki mabega mawili mapana na kisogo, kisogo alichokijua, kimeegemea mlango. Netta naye alikuwa amekiona. Akaweka kisu chini.

“Hukuniambia ulivyolifunga hilo goli,” alisema.

“Mama, sasa hivi?”

“Sasa hivi. Na useme kwa nguvu. Siku hizi masikio yangu mabovu.”

Mama yule alikuwa anasikia paka wa jirani akikanyaga zulia. Lachie alimtazama, akautazama mlango. Kisha akaanza, mwanzoni kwa kusitasita, halafu kwa sauti ya kujaza nyumba. Akaeleza kona ya Port Kellie. Akaeleza goti lilivyokataa. Akaeleza Gourlay anavyoutafuta mpira kwenye matope.

“Sasa Gourlay bado hata hajauona mpira,” alisema, “na mimi nikajua unakuja kwangu. Unajua nilijuaje, mama? Kuna mtu pale ukingoni huwa anageuka kabla ya wote. Anageuka kabla pasi haijatoka. Tangu msimu wa tatu mimi simtazami kiungo, namtazama huyo. Kila goli nililofunga kwenye uwanja ule, yeye ndiye aliyeniambia nikimbie. Na hili pia.”

Umbo kwenye kioo halikutikisika. Netta alikuwa ameshika kiazi bila kukimenya.

“Endelea.”

Akaendelea. Imrie na mapaja yake, tobo, kukwatuliwa, kiganja kwenye matope. Akaeleza alivyopita kwenye chaki, makoti yao yakimgusa bega, kila mmoja amegeuka, na alivyotamani anyooshe mkono avute kola moja. Akaeleza alivyomkata beki wa kati kwa ndani. Akabaki na kipa.

“Kisha?” Netta akauliza.

“Kisha basi.”

“Basi nini? Kipa alifanyaje?”

“Anayetaka kujua cha kipa ataingia ndani akae kwenye kiti kama binadamu,” Lachie alisema, akaukunja mdomo.

Netta hakumsihi. Alikiokota kisu akaendelea na viazi. Mvua iliendelea kugonga kwenye ndoo ya nje. Umbo likajitoa kwenye mlango, likapungua, na Lachie akajua limeshuka ngazi. Moyo ukamwanguka. Akajiambia vizuri, aende zake, akafie hukohuko na chuki yake.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo mpaka ukagonga ukuta.

“Kipa alikwenda upande gani, mshenzi wewe?”

Dod alikuwa ndani. Miguu yote miwili ilikuwa ndani, kwenye mkeka wa mlangoni, maji yakimtiririka, uso umeiva kwa hasira, na macho yake yalikuwa yanamtazama Lachie usoni moja kwa moja. Lachie hakuinuka. Hakuwa na hakika kwamba goti lingekubali.

“Hakwenda upande wowote,” alijibu. “Niliinua mguu kama nataka kuvunja nyavu. Akaogopa mpira usimpige usoni. Akageuka, akanipa mgongo. Nikausukuma taratibu kando ya kisigino chake.”

“Akakupa mgongo.”

“Mimi migongo nimeizoea.”

Dod alitazama kiti kilichokuwa karibu na jiko, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Eck afe, akatazama pembeni. Netta hakuwa ameinua kichwa. Ganda la kiazi lilikuwa linashuka refu kutoka kwenye kisu chake.

“Futa viatu, Dod,” alisema.

Dod akatazama chini. Akafuta kimoja, halafu cha pili, kwa hasira, kwa nguvu, mpaka mkeka ukahama mahali pake.